Abanduaye Gome na Apande Mti

Wapendwa vijana wa parokia zetu, wa Xaveri, wa Kiro, wa Kizito-Anuarite, wa Skauti, na ninyi msio katika chama chochote,

Kuna neno linalosemwa sana vijijini kwetu, tena na watu wema: miti ya msituni haipandwi, Mungu mwenyewe huiotesha. Neno hilo lina sauti ya imani, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaothubutu kulipinga. Sisi tunalipinga. Tunasema kwamba siku hizi limegeuzwa kuwa kisingizio cha kuchukua bila kurudisha, na kwamba tukiendelea kuliamini, milima yetu itapoteza mimea ambayo wazee waliijua kwa jina, kwa harufu na kwa kazi yake. Watoto wetu watabaki na majina matupu.

Ili tusiseme juu juu, tuchukue mti mmoja na tuufuate hatua kwa hatua. Wataalamu huuita Prunus africana. Ni ndugu wa plamu na pichi, lakini hukua mrefu kuliko hao wote, hadi meta 30 na zaidi. Gome lake ni la kahawia iliyokaribia weusi, limepasukapasuka vipande kama matofali yaliyopangwa na fundi mzee. Hupenda ubaridi wa milima, kuanzia meta 1000 hivi hadi zaidi ya meta 2500 juu ya bahari. Huonekana kuanzia Kameruni hadi Ethiopia, hadi Afrika Kusini na Madagaska, na kwetu husimama katika misitu ya milimani ya Kivu, upande wa Beni na Lubero, na katika Kahuzi-Biega. Kila kabila la milimani lina jina lake kwa mti huu. Muulizeni bibi yako jina hilo leo, kabla hamjasoma mbele.

Wazee walitumia gome lake kwa homa, kwa tumbo, na kwa wanaume waliokojoa kwa shida. Mbao yake ngumu ilitoa mipini ya mashoka na vinu. Walichukua kidogo, kwa mgonjwa aliye mbele yao, na mti uliendelea kuishi. Mambo yaligeuka pale dawa hiyo ilipovuka bahari. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi dume iliyotengenezwa kutokana na gome hili. Tangu hapo, wazee wa Ulaya na Marekani wenye shida ile ile ya mkojo wamekuwa wakimeza vidonge ambavyo chanzo chake ni milima ya Afrika. Hatuwalaumu wagonjwa hao. Uzee unawafika wote, na mgonjwa hana kosa kutafuta nafuu. Tunauliza tu: gome hilo lilitoka vipi mtini, na ni nani aliyepanda mti mwingine?

Jibu linajulikana. Huko Madagaska na Kameruni miti mingi ilikatwa au ilibanduliwa kuzunguka pande zote hadi ikafa imesimama. Mwaka 1995 mti huu uliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Maana yake ni kwamba gome haliruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali kinachoonyesha kuwa uvunaji hauumalizi mti huo porini. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa gome kutoka Kameruni, na biashara ikakaa kimya hadi nchi ile ilipotengeneza mipango ya kuhesabu miti na kusimamia uvunaji. Hapo kijana wa mlimani alijifunza somo chungu: siku soko linapofungwa, mnunuzi hurudi kwake mjini na kununua kitu kingine, na aliyebandua hubaki na shina lililokauka.

Tuelewe vizuri jinsi mti unavyokufa, maana wengi hubandua bila kujua. Ndani ya shina maji hupanda kupitia mbao, na chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia gome la ndani. Ukitoa gome kuzunguka shina lote, hata kwa upana wa kiganja, umekata njia ya chakula. Majani yatabaki kijani kwa muda na utadhani mti umekusamehe. Kumbe mizizi inakufa njaa chini ya ardhi. Baada ya miezi kadhaa majani huanguka, na kinachobaki ni kuni. Lakini ukibandua robo mbili tu za mzunguko zinazoelekeana, moja upande huu na nyingine upande wa pili, na ukiacha ule utando laini unaoteleza juu ya mbao bila kuukwaruza, gome hurudi. Uvunaji wa namna hiyo hufanywa kwa mti mnene tu, wenye kipenyo cha sentimeta 30 au zaidi, kisha mti hupumzishwa miaka mingi, saba au zaidi, ndipo uguswe tena kwenye robo zilizobaki.

Kwa nini basi watu hubandua pande zote? Kwa sababu hesabu ya siku moja huwapa haki. Mti mkubwa wa msituni ukivunwa kwa adabu hutoa kwa wastani kilo hamsini hivi za gome bichi, na gome likikauka hubaki karibu nusu ya uzito. Ukiuangusha na kuubandua hadi matawini, utapata mara nyingi zaidi ya hapo kwa siku hiyo moja. Mnunuzi hulipa kwa kilo. Haulizi kama mti uko hai. Baba mwenye watoto watatu waliofukuzwa darasani kwa kukosa ada, akiwa na panga mkononi mbele ya mti ambao hata si wake, hatafikiria miaka saba ijayo. Anayemhubiria baba huyo kuhusu mazingira bila kumwonyesha njia nyingine anapoteza sauti yake bure. Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Hawakusema kwamba mwenye kuchovya ni mtu mbaya. Walisema tu kwamba buyu lina mwisho.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: njia ya kuokoa mmea adimu unaotafutwa na watu ni kuupanda, kuupanda kwa wingi, na kuupanda mashambani mwa wale wale wanaouhitaji. Makatazo yanahitajika, na hotuba zina nafasi yake, lakini bila miche ardhini yote hayo ni upepo. Tunajua kwamba msimamo huu una wapinzani, na wengine ni marafiki zetu. Tuwajibu mmoja mmoja.

"Mungu huotesha"

Ndiyo, Mungu huotesha, na ameweka njia. Matunda ya mti huu huliwa na ndege na kima, nao hutupa mbegu mbali na mti mama. Lakini ndege hawezi kubeba tunda lisilokuwepo. Mti huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, mara nyingi kumi na mitano au zaidi, na wabanduaji huanza na miti minene, yaani wazazi. Tena mbegu yake haina subira. Zipo mbegu zinazolala udongoni miaka mingi zikingoja mvua, lakini hii ikikauka sana au ikikaa majuma mengi hufa. Kwa hiyo wazazi wakiisha mlimani, hakuna akiba iliyofichwa ardhini ya kutuokoa. Na miche michache inayojiotea pembezoni mwa msitu hukutana na mbuzi, moto na jembe.

Kitabu cha Mwanzo humweka mtu bustanini na kumpa kazi mbili kwa pamoja, kulima na kutunza. Anayechukua kazi moja na kuiacha ya pili hawezi kujificha nyuma ya imani. Papa Fransisko alipoandika Laudato Si' mwaka 2015, alilitaja bonde la Kongo pamoja na Amazoni kuwa mapafu ya dunia. Sifa hiyo ni kubwa, lakini sifa haioteshi mche.

"Sisi tumeshapanda miti"

Hapa tunazungumza na vikundi vyetu wenyewe. Kila mwaka kuna salongo ya miti. Vijana huvaa fulana, hubeba miche, huimba, hupiga picha, na jioni hesabu husomwa kanisani: miche mia tano, miche elfu moja. Miche gani? Karibu daima ni mikaratusi na grevilea, miti iliyoletwa kutoka Australia. Na mwaka unaofuata, ni nani anayerudi kuhesabu iliyo hai?

Hatuikatai mikaratusi. Hukua haraka, na ndani ya miaka michache hutoa nguzo na makaa. Kila gunia la makaa linalotoka shambani ni gunia ambalo halikutoka msitu wa Virunga. Anayeipanda kwa kusudi hilo, mahali panapofaa, mbali na chemchemi, anafanya kazi njema. Tunachokataa ni kuita kilima cha mikaratusi msitu, na kuamini kwamba deni letu kwa mimea ya kwetu limelipwa. Mkaratusi haumpi mganga dawa aliyozoea, haumlishi kima matunda, na haurudishi jina lililosahauliwa. Salongo ambayo haina hata mche mmoja wa mti wa asili imewafundisha vijana, bila kusema neno, kwamba cha kwetu hakistahili kitalu.

"Hifadhi zinatosha"

Tunawaheshimu walinzi wa hifadhi. Katika Virunga peke yake zaidi ya 200 wamepoteza maisha yao kazini, na asiyeinama mbele ya makaburi hayo hana moyo. Nchi yetu ina sheria pia: Kanuni ya Misitu ya mwaka 2002, na sheria ya mwaka 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira asilia. Lakini mlinzi mwenye bunduki hawezi kusimama chini ya kila mti, hasa katika milima ambayo vita vimewafukuza raia mara kwa mara. Na miti mingi tunayoizungumzia iko nje ya hifadhi kabisa, kwenye mabonde ya ukoo, kando ya mashamba, mahali ambapo hakuna mlinzi wala kibao.

Zaidi ya hayo, katazo bila njia mbadala hupandisha bei ya kitu kilichokatazwa na kumnufaisha mjanja. Mti uliopandwa shambani hufanya kazi ambayo katazo haliwezi: humpa mtu gome lake mwenyewe, analolilinda kwa sababu ni mali yake. Mwizi wa gome la msituni huiba kwa taifa, na taifa liko mbali. Anayegusa mti uliopandwa nyuma ya nyumba ya mtu atasikia mbwa wakibweka.

"Miaka kumi na mitano ni mingi mno"

Ni mingi kwa anayengoja akiwa amekaa. Lakini mti huu hausimami peke yake. Unaweza kupandwa kati ya kahawa, kando ya migomba, kwenye mipaka ya shamba. Majani yake yakianguka hurutubisha udongo, maua yake hulisha nyuki, na kivuli chake chepesi hakiiui kahawa. Mkulima huvuna kahawa, ndizi na asali huku gome likinenepa bila kudai kupaliliwa. Mtoto atakayebatizwa Pasaka ijayo atakuwa sekondari siku mti uliopandwa kwa jina lake utakapokaribia kuvunwa, na hapo ndipo ada huwalemea wazazi kuliko wakati mwingine wowote.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Mtu aliye na miti arobaini mipakani mwa shamba akivuna mitano kila mwaka, atarudi kwenye mti wa kwanza baada ya miaka minane, ukiwa umepona. Miti ya shambani ni myembamba kuliko ya msituni, kwa hiyo tuseme kila mmoja utoe kilo ishirini za gome bichi. Hiyo ni kilo mia moja kwa mwaka, hamsini zikikauka, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mti uliokufa. Si utajiri. Ni shamba la akiba, na akiba haiozi.

Wala hatusemi ndoto. Huko kaskazini-magharibi mwa Kameruni, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa mlima Oku, wakulima wengi walipoona miti ya msituni ikiisha, walianza kuupanda mti huu katika mashamba yao ya kahawa na kuzunguka nyumba zao. Hawakungoja msituni uishe kabisa. Ikiwa mkulima wa Oku aliweza, mkulima wa Lubero ana mikono ile ile, mvua ile ile na kahawa ile ile.

"Dawa za miti ni mambo ya uchawi"

Neno hili husikika hata kwenye mikutano ya sala, nalo limefanya madhara makubwa. Gome ni gome. Kilichomo ndani yake hupimwa maabara na kuuzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya, na hakuna anayelikemea kule. Kijana anayeaibishwa kwa kulijua jani la bibi yake ataacha kuuliza, na bibi atakufa na maarifa yake. Baadaye atakuja mgeni mwenye daftari na kamera, na sisi tutanunua kutoka kwake kile tulichokidharau.

Tuseme pia upande wa pili, kwa sababu ukweli hauna upande mmoja. Kulijua jani hakumfanyi mtu kuwa daktari. Mzee anayekojoa kwa shida apelekwe hospitalini apimwe, maana shida hiyo inaweza kuwa uvimbe wa kawaida au kitu kibaya zaidi. Kutunza mmea wa dawa na kumtibu mgonjwa kwa kubahatisha ni mambo mawili tofauti.

Kanisa la nchi hii lina mfano bora wa kufuata. Huko Kisantu, kuanzia mwaka 1900 hivi, Bruda Justin Gillet, Mjesuiti, alianzisha bustani ya mimea ambayo ipo hadi leo. Alikusanya, alipanda, aliandika majina, alijaribu tena palipokufa. Hakuna aliyemwambia kwamba kupanda si kazi ya mtawa. Na kwa ndugu zetu wa Katanga, funzo ni kali zaidi. Juu ya vilima vya shaba huota maua yaliyozoea udongo ambao ungeua mimea mingine, na baadhi yao hayapo mahali pengine popote duniani. Kilima kikichimbwa chote kwa ajili ya shaba na kobalti, ua hilo halina pa kukimbilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamehangaika na mimea hiyo, wakikusanya mbegu na kujaribu kuiotesha upya. Kazi ya namna hiyo si anasa ya maprofesa. Ni kuokoa kisichoweza kununuliwa tena.

Kikwazo cha kweli: ardhi

Hadi hapa tumejibu visingizio. Sasa tuje kwenye kikwazo ambacho si kisingizio, na ambacho wengi hukikwepa kwa sababu kinawagusa wakubwa.

Katika milima yetu kupanda mti ni kutangaza kwamba ardhi ni yako. Kila mtu anajua hivyo. Kwa sababu hiyo mwenye ardhi humkubalia mpangaji kulima maharagwe na muhogo, lakini humkataza kupanda chochote kinachodumu. Mama anayekodi shamba msimu kwa msimu hawezi kupanda mti wa miaka kumi na mitano, hata kama ana mche, ana maarifa na ana nia. Kijana asiye na urithi hawezi. Mkimbizi wa ndani aliyekimbia kutoka kijiji kwenda kijiji hawezi. Kisha tunawaita maskini hao waharibifu wa msitu, wakati sehemu pekee wanayoweza kuigusa bila mkataba ni huo msitu wenyewe.

Kwa hiyo hatutakubali kwamba kampeni ya miti iwahusu maskini peke yao. Tunawaambia bami na wenye mashamba makubwa: andikeni mikataba. Mkataba mfupi wa ukurasa mmoja, uliosomwa mbele ya mashahidi, unaosema kwamba ardhi inabaki ya mwenyewe na mti ni wa aliyeupanda, na jinsi gome na mbao vitakavyogawanywa. Mkataba kama huo haumnyang'anyi mtu kilima chake. Humwondolea hofu, na humpa mpangaji sababu ya kuutunza udongo.

Na tunaziambia parokia zetu, kwa heshima yote: nanyi mna ardhi. Misheni nyingi zina mashamba makubwa, na sehemu kubwa imejaa mikaratusi iliyopandwa zamani. Tengeni kipande, hata cha ukubwa wa uwanja wa mpira, kiwe cha miti ya asili. Kiwe na miti mama ya kutoa mbegu kwa wilaya nzima. Kisiguswe paroko akibadilishwa, kwa sababu mti mmoja huishi kuliko maparoko wengi. Parokia ikimwomba mkulima apande wakati yenyewe haina hata mti mmoja, inamfundisha asisikilize.

Kuna pia jambo la haki kati ya mataifa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inasema kwamba anayenufaika na mimea na maarifa ya jamii fulani anapaswa kugawana faida na jamii hiyo. Maneno hayo ni mazuri. Lakini asiye na orodha ya miti yake, asiye na chama cha wakulima, asiyejua hata bei ya gome mjini, atagawana nini na nani? Mali bila daftari huisha bila habari.

Basi tufanye nini?

Tunapendekeza mambo ambayo kikundi cha vijana ishirini kinaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

Kwanza, tafuteni miti mama iliyobaki. Nendeni na mzee anayeijua. Andikeni mahali ilipo, unene wake na kama imebanduliwa. Orodha hiyo mwonyesheni paroko, mwalimu na mzee wa kijiji, lakini msiitangaze ovyo sokoni, isije ikawa ramani ya wezi.

Pili, wekeni kitalu. Matunda yachumwe yakishageuka kutoka kijani kwenda kwenye rangi ya zambarau iliyoingia kahawia. Yatoke kwenye miti mingi iliyo mbalimbali, kumi ikiwezekana, ili watoto wote wasiwe wa mzazi mmoja. Nyama isuguliwe ndani ya maji mapema, mbegu zikaushwe kivulini na kamwe si juani, na zisiwekwe kabatini: zipandwe ndani ya majuma machache. Kitalu kipate kivuli cha majani, kisha kivuli kipunguzwe polepole ili miche izoee jua. Miche ihamishwe mvua zikishaanza, na kila mmoja uzungushiwe miti ya kuuzuia mbuzi. Mbuzi mmoja asubuhi moja anaweza kumaliza salongo nzima.

Tatu, badilisheni hesabu. Msitangaze tena miche mingapi imepandwa. Tangazeni mingapi iko hai baada ya mwaka mmoja, na baada ya mitatu. Kikundi chenye miche thelathini hai kimeshinda kikundi chenye miche elfu iliyokufa.

Nne, fungueni daftari la kila aliyepanda: jina lake, mahali, tarehe, idadi. Siku ya kuuza, daftari hilo, likiwa na muhuri wa kijiji, litamtofautisha mkulima na mwizi. Bila hilo, sheria itawakamata wote wawili, au itawaacha wote wawili.

Tano, msinunue wala msibebe gome ambalo hamjui lilikotoka. Kijana mwenye pikipiki anayesafirisha magunia usiku anajua anachokibeba. Asiseme kwamba yeye ni dereva tu.

Sita, waulizeni wanaosoma kilimo na mimea wawasaidie. Kivu ina kituo cha utafiti cha Lwiro, ina kile cha kilimo cha Mulungu, na ina vitivo vya kilimo katika vyuo vikuu vya Butembo na Bukavu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho atafurahi kupata kitalu cha kweli badala ya kunakili vitabu.

Hatuwaahidi kwamba gome litakuwa na bei nzuri miaka kumi na mitano ijayo. Masoko hupanda na kushuka, na dawa moja huweza kuchukua nafasi ya nyingine. Ndiyo maana hatuwaambii mpande kwa ajili ya gome peke yake. Pandeni kwa ajili ya nyuki, udongo, mipini, kivuli, ndege, na kwa ajili ya jina lile mlilomwuliza bibi. Mti wenye kazi saba hauangushwi na bei moja. Na mkishaujua huu, muende kwenye mwingine: kila bonde lina mmea wake ambao wazee huutaja kwa masikitiko wakisema kwamba zamani ulikuwepo hapa. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo bado hajazaliwa. Tuna muda wa kumzuia, lakini ni muda wa msimu huu wa mvua, si wa mkutano ujao.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Taja mimea mitatu ya asili ambayo wazee wa kijiji chako waliitumia na ambayo sasa ni vigumu kuipata. Ni nani bado anaijua?

2. Miche tuliyopanda katika salongo ya mwaka jana iko mingapi hai leo? Ni nani anaweza kwenda kuihesabu kabla ya Jumapili ijayo?

3. Katika jumuiya yetu, ni familia gani zinazolima ardhi ya kukodi? Tunaweza kuzisaidiaje kupata mkataba wa kupanda miti?

4. Ni kipande gani cha ardhi ya parokia tungependa kukiomba, na ni nani atakayekitunza sisi tukishaoa, tukishaolewa au tukishahama?